Anua

Kaka Shaame kaituma kutoka Maskati,
nyeupe, nzito, wanaume wanne kuishusha,
na jicho la kioo katikati ya tumbo.
"Masika haya usihangaike na nepi za mjukuu," alisema.
Na kweli. Mtoto wa Zuwena alikuwa na siku ishirini,
Wete ilikuwa na mvua siku kumi na moja,
na uvundo wa nguo tulikuwa tukiula na wali.

Nikaichomeka. Ikaguna.
Taa ya ukumbini ikafinya macho.
Baada ya saa moja nikafungua:
nepi kavu, zimefura, moto kama maandazi.
Nililia kidogo. Sisemi uongo.

Kisha mita ya Tukuza ikaanza kulia nayo.
Umeme wa wiki nzima, wa friji na taa na pasi,
ulikwenda kwa mizunguko mitano.
Faki wa kidato cha tatu akanichorea daftarini:
umeme huu, mama, unatoka bara,
unapita kwenye waya chini ya bahari toka Tanga,
na huko nyuma ya waya kuna mto uliofungwa bwawani
na gesi inayochomwa usiku na mchana,
na moshi wake hauombi pasi ya kusafiria.
"Yote hayo," akasema, "kukausha kanga."
Nje, jua la saa nne lilikuwa limekaa bure
kama fundi aliyekosa kazi.

Maana masika yalikwisha, na mimi sikuacha.
Uvivu haupigi hodi;
huingia, ukavua viatu, ukaomba chai.
Kamba ya uani ikawa njia ya mijusi.
Vibanio vikaota kutu.

Kwenye kichujio nilikuwa nikikuta sufi,
nyekundu kidogo, samawati kidogo, nyeusi ya pindo,
nikiitupa migombani bila kuitazama.
Mpaka siku nilipoikunjua kanga ya harusi ya Zuwena.
Maneno yake yalikuwa UKINITUNZA NADUMU.
Nikayasoma kwa kuyatafuta, kama asiyejua kusoma.
Jua hupausha, sikatai,
lakini jua halijapata kunipa kanga yangu kwa viganja.
Sufi ya kanga imeshaoza.
Ile ya jezi za Faki ingali migombani hadi leo,
inang'aa, haitaki kuwa udongo.

Hayo ningeyavumilia.

Msimu wa karafuu Bi Mgeni akaazima uwanja wangu,
kwake kuna kivuli.
Majamvi matatu, siku ya tatu ya jua,
karafuu bado zina wekundu shingoni.
Sisi tuna neno la kitu kilichoanikwa:
tone la kwanza likitoboa vumbi
mmoja huita "Anueni!" na mtaa mzima hutoka,
mwenye unga mikononi, mwenye nywele nusu zimesukwa,
na hakuna anayeuliza hiki ni cha nani.
Mashine haina neno hilo.
Ina kengele.

Nilikuwa ndani, mbele ya jicho la kioo,
shuka zikizunguka, zikizunguka,
na mngurumo ule unaoufanya ukimya uwe mzito.
Sikusikia bati. Sikusikia mwito.
Nilipotoka, Bi Mgeni alikuwa akikunja jamvi la mwisho
peke yake, kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni,
na karafuu zake zikienda na mfereji kuelekea barabarani.
Hakunilaumu. Alisema tu,
"Nilidhani hupo."

Mashine sijaiuza.
Masika yatarudi, na Zuwena ana mimba nyingine.
Nimeivika kitambaa, nimeiwekea redio juu.
Jana nimenunua kamba mpya,
nimeifunga toka nguzo yangu hadi dirisha la Bi Mgeni,
na leo ina nguo zake na zangu, zimechanganyika.

Wingu linapanda upande wa Mtambwe.
Wali uko jikoni, nusu haujaiva.
Nimesimama mlangoni, sikio nje.